Nyumba ya Magurudumu na Kikomo cha Mwendo

Msomaji, ukisafiri katika barabara iendayo Nakuru au ile iendayo Mombasa, utaona kando ya njia vibao vya duara vyenye ukingo mwekundu, na katikati ya kila kibao pameandikwa tarakimu. Tarakimu hizo ni kikomo cha mwendo. Mwenye kuendesha gari hana ruhusa ya kuzipita. Wasafiri wengi hawazifikirii hata kidogo, na baadhi ya madereva huziona kuwa ni kero tu iliyobuniwa na wakubwa waliokaa ofisini. Lakini kila tarakimu ya namna hiyo ina historia yake, na mara nyingi historia hiyo ni ya huzuni.

Katika insha hii nataka kukusimulia habari za vikomo vya mwendo katika nchi ya Uingereza, ambako sheria za namna hiyo zilitungwa mapema, zikafutwa, zikarudishwa, na kubadilishwa tena na tena. Tena nataka kuzisimulia kwa kufuata nyayo za chombo kimoja ambacho hapa kwetu hakionekani sana, nacho ni karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya motokaa. Huenda ukauliza kwa nini nimechagua chombo kizito na cha polepole ili kueleza habari za mwendo wa kasi. Jibu ni kwamba mtu anayevuta nyumba yake nyuma yake hujifunza upesi jambo ambalo dereva mwingine huchelewa kulijua: kwamba kukimbia si kazi ngumu kwa gari, kazi ngumu ni kusimama.

Neno karavani lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara. Babu zetu waliijua misafara. Waliiona ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na Mombasa kwenda bara, wapagazi wakiwa na mizigo mabegani na vichwani. Mwendo wa msafara haukupimwa kwa yule aliyetangulia mikono mitupu, bali kwa yule aliyebeba. Waingereza walilipokea neno hilo la mashariki, na baada ya muda wakalitumia kwa gari la farasi lililofunikwa, na hatimaye kwa nyumba ya magurudumu. Neno lilibadilika maana, lakini kanuni ya mzigo haikubadilika.

Tuanze na zamani kabla ya motokaa. Katikati ya karne ya 19 magari mazito yaliyoendeshwa kwa mvuke yalianza kupita katika barabara za Uingereza. Farasi waliyaogopa, na watu waliogopa kwamba yangeharibu barabara na madaraja. Basi mwaka 1865 Bunge lilitunga sheria ya kwamba gari la namna hiyo lisipite mwendo wa maili 4 kwa saa katika mashamba, na maili 2 kwa saa katika miji. Maili moja ni kama kilomita 1.6, kwa hiyo mwendo wa mjini ulikuwa polepole kuliko hatua za mtu mzima anayetembea. Zaidi ya hayo, sheria iliamuru kwamba gari liwe na watu wasiopungua watatu, na mmoja wao atangulie kwa miguu, umbali wa mita 55 hivi, akiwa ameshika bendera nyekundu ya kuwaonya watu na wapanda farasi. Sharti la bendera liliondolewa mwaka 1878, lakini mtu wa kutangulia aliendelea kutakiwa.

Wakati sheria hiyo ingali na nguvu, akatokea mtu aliyependa kusafiri bila haraka. Jina lake William Gordon Stables, Mskoti, aliyekuwa daktari katika jeshi la majini na baadaye mwandishi wa vitabu vya vijana. Mwaka 1885 aliagiza kwa mafundi wa Bristol gari la fahari la kuvutwa na farasi wawili, lenye vitanda, jiko na rafu za vitabu, akaliita Wanderer, maana yake Mzururaji. Uzito wake ulikuwa karibu tani mbili. Katika gari hilo alitoka kusini mwa Uingereza hata akafika Inverness, kaskazini mwa Uskoti. Kwa kuwa barabara zilikuwa nyembamba na gari pana, mtumishi wake mmoja alitangulia akipanda baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwatahadharisha watu waliokuwa wakija. Angalia, msomaji: hakuna sheria iliyomlazimisha daktari huyo kufanya hivyo, kwa maana gari lake halikuwa la mvuke. Alifanya kwa sababu alijua uzito wa kile alichokuwa nacho nyuma ya farasi wake. Watu wengi humhesabu kuwa ndiye wa kwanza kutengenezewa karavani kwa ajili ya starehe, si kwa ajili ya biashara wala kwa kukosa makao.

Miaka kumi na mmoja baadaye motokaa za petroli zilikuwa zimekwisha ingia Uingereza. Mwezi wa Januari mwaka 1896 mtu aitwaye Walter Arnold alipita katika kijiji cha Paddock Wood, jimbo la Kent, kwa mwendo wa maili 8 kwa saa, hali kikomo kilikuwa maili 2. Polisi mmoja alimwona, akapanda baiskeli, akamfukuza na kumkamata. Hakimu alimtoza faini ya shilingi moja kwa kosa la mwendo, pamoja na gharama. Leo habari hii hutuchekesha, kwa kuwa mwendo wa maili 8 ni mwendo wa kijana anayekimbia. Lakini usicheke upesi. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya magari mazito ya mvuke, ikatumiwa kwa motokaa nyepesi, na hapo ndipo ilipokosa maana. Sheria isiyofanana na kitu inachokitawala hudharauliwa. Mwaka ule ule Bunge liliibadilisha, likaruhusu mwendo wa maili 14 kwa saa, ingawa serikali kwa amri yake iliushusha ukawa maili 12. Tarehe 14 Novemba, siku sheria mpya ilipoanza, wenye motokaa walishangilia kwa kusafiri pamoja kutoka London hadi Brighton.

Mwaka 1903 ilikuja sheria nyingine iliyopandisha kikomo kuwa maili 20 kwa saa, na kuamuru kila motokaa iwe na namba. Hapo ukaanza mchezo wa paka na panya. Polisi walijificha nyuma ya vichaka wakiwa na saa mkononi, wakapima muda ambao motokaa ilichukua kupita kati ya alama mbili. Nao wenye motokaa wakaunda chama chao mwaka 1905, na moja katika kazi zake za kwanza ilikuwa kuweka watu njiani ili kuwaonya wanachama kwamba polisi wako mbele. Hata ilipoonekana kwamba kuonya waziwazi kungeweza kuwaingiza katika mashtaka, walipata hila nyingine. Mlinzi wa chama alizoea kumpigia saluti kila mwanachama apitaye. Basi ikiwa hakupiga saluti, mwanachama alielewa kwamba kuna jambo, naye akapunguza mwendo. Hivyo kikomo cha mwendo kilikuwa kama mtego wa kukwepwa, wala si ulinzi wa watu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha mwaka 1918, motokaa ziliongezeka. Mwaka 1919 kampuni ya Eccles ya mji wa Birmingham ilianza kuunda na kuuza karavani za kuvutwa na motokaa. Zilikuwa vyumba vya mbao juu ya magurudumu mawili, na wanunuzi wa kwanza walikuwa watu wenye mali, kwa sababu mfanyakazi wa kawaida hakuwa na motokaa wala likizo ya kulipwa. Hata hivyo desturi ilikwisha anza: mtu kusafiri na kitanda chake, akalala pale jua lilipomkutia.

Ilipofika mwaka 1930 kikomo cha maili 20 kilikuwa kimedharauliwa na watu wote. Mabwana wakubwa walikivunja, na hata watunga sheria wenyewe walikivunja. Bunge likaona kwamba afadhali kuondoa sheria isiyotiiwa. Kwa sheria ya mwaka 1930 kikomo cha mwendo kwa motokaa ndogo za abiria kikafutwa kabisa, mjini na mashambani. Dereva aliachiwa busara yake, pamoja na kitabu kidogo cha maongozi ya barabarani kilichotolewa mwaka 1931, na akalazimishwa kukata bima ya kuwalipa watu atakaowaumiza. Lakini magari mazito na motokaa zenye kuvuta tela hazikupewa uhuru huo. Kwa hiyo likawa jambo la ajabu: mtu mwenye motokaa ya mashindano aliweza kupita katika kijiji kwa mwendo wowote, mradi asishtakiwe kwa uzembe, na mtu aliyevuta karavani akiwa na mkewe na watoto wake alibaki chini ya kikomo.

Yafikiri mambo yalivyokuwa wakati huo. Katika mwaka 1930 peke yake watu 7,305 waliuawa katika barabara za Uingereza, hali magari yote ya nchi hayakufika milioni 2 na nusu. Wengi walikuwa watu waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Baada ya kikomo kuondolewa, vifo havikupungua kama wengine walivyotumaini. Mwaka 1934 waliokufa walikuwa 7,343.

Ndipo serikali ilipopeleka Bungeni mswada wa kurudisha kikomo katika sehemu zenye nyumba nyingi. Si wote walioupenda. Mbunge mmoja, Moore-Brabazon, mtu shujaa aliyekuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kurusha ndege, aliupinga. Aliwakumbusha wabunge kwamba zamani, motokaa zilipokuwa ngeni, kuku wengi walikuwa wakigongwa njiani, lakini sasa kuku wamejifunza kukwepa. Maana yake ni kwamba na watu watajifunza vivyo hivyo. Msomaji, yapime maneno hayo. Aliyeyasema hakuwa mjinga wala mkatili. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa Waziri wa Uchukuzi. Lakini aliitazama barabara kutoka katika kiti cha dereva. Kutoka katika kiti hicho, mtoto anayevuka njia huonekana kama kizuizi. Bunge halikukubaliana naye. Kuanzia tarehe 18 Machi 1935 kikomo cha maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi, kiliwekwa katika sehemu zote zenye nyumba nyingi, na mwezi wa Juni mwaka ule madereva wapya walianza kulazimishwa kufanya mtihani. Katika mwaka huo waliokufa walikuwa 6,502. Walipungua zaidi ya 800 katika mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba katika nyumba zaidi ya 800 baba, au mama, au mtoto alirudi jioni akala chakula chake, wala hakujua kamwe kwamba angeweza kutorudi.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 taa za njiani zilizimwa kwa kuogopa ndege za adui, na magari yakatembea gizani. Mwaka 1941 watu 9,169 waliuawa barabarani, idadi ambayo haijapata kufikiwa tena katika nchi ile, ingawa magari yalikuwa machache kwa uhaba wa petroli. Somo lake ni wazi: hatari haitokani na wingi wa magari peke yake, bali na tofauti kati ya mwendo wa gari na kile ambacho dereva anaweza kukiona.

Sasa tufike katika miaka ambayo wazee wengi wa Uingereza huikumbuka kwa furaha. Mgao wa petroli ulikwisha mwezi wa Mei mwaka 1950. Likizo ya kulipwa ilikuwa imekwisha enea kwa wafanyakazi, na viwanda vikaanza kuunda karavani za bei nafuu. Mashuhuri kati yake zilikuwa Sprite, zilizoundwa na Sam Alper karibu na mji wa Newmarket. Sasa si tajiri peke yake aliyeweza kusafiri na nyumba, bali pia fundi, karani na mwalimu.

Fikiri safari ya familia kama hiyo katika miaka ya 1950. Motokaa ilikuwa ndogo, na nguvu ya injini yake ilikuwa ndogo vile vile. Nyuma yake, katika tufe la chuma, ilifungwa karavani yenye urefu wa mita tatu au nne. Ndani yake kulikuwa na viti vilivyogeuka kuwa vitanda usiku, jiko dogo la gesi, taa, na ndoo ya kutekea maji. Baba aliendesha, mama alishika ramani, watoto walibanana nyuma pamoja na mablanketi. Walianza safari alfajiri, au hata usiku, ili wawahi kabla ya barabara kujaa. Penye mlima, injini ililia, maji katika rejeta yakachemka, na mara nyingi ilibidi kusimama, kufungua boneti na kungoja ipoe. Mlima wa Porlock, katika jimbo la Somerset, ulisifika kwa kuwashinda wenye karavani, kwa kuwa mahali pengine unapanda mita moja kwa kila mita nne za mwendo.

Sheria ya wakati huo ilimtaka mwenye kuvuta karavani asipite maili 30 kwa saa mahali popote, hata katika barabara iliyonyoka na kuwa tupu mashambani. Kwa hiyo nyuma yake ulifanyika mstari mrefu wa motokaa zenye madereva wenye hasira. Mwenye karavani aliwaona katika kioo, naye aliona haya. Kama alikuwa muungwana, alijitenga kando kila alipopata nafasi, akawapisha. Kama hakuwa muungwana, alivunja sheria kwa siri, akaenda maili 40 huku akitazama kama hakuna polisi. Katika siku za Jumamosi za kiangazi, barabara ya kuzunguka mji wa Exeter, iliyokuwa njia ya kwenda pwani za kusini magharibi, ilijaa magari yaliyosimama kwa maili nyingi chini ya jua. Watu walishuka, wakanywa chai kando ya njia, wakajuana na majirani wa foleni. Wengi waliokuwa watoto wakati huo hawakumbuki bahari peke yake. Hukumbuka pia ile foleni.

Lakini ni lazima nikueleze hatari iliyokuwa imefichika katika safari hizo. Karavani inayovutwa si sehemu ya motokaa. Ni chombo kingine kilichofungwa nyuma kwa nukta moja tu. Ikiwa mzigo umewekwa nyuma mno, au upepo umeipiga ubavuni, au lori kubwa limepita kwa kasi, huanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa samaki. Kwa mwendo mdogo kuyumba huko hutulia kwenyewe. Kwa mwendo mkubwa huzidi, na kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia, hata karavani ikaikamata motokaa na kuipindua. Dereva asiyejua hukanyaga breki kwa hofu, na hilo huzidisha balaa. Anayejua huondoa mguu polepole katika petroli, akashika usukani sawasawa, akangoja. Kwa sababu hiyo wenye karavani walifundishana namna ya kupakia: vitu vizito viwe sakafuni, karibu na ekseli, wala visiwe nyuma. Kwa sababu hiyo pia sheria imekataza watu kukaa ndani ya karavani inapovutwa.

Hesabu yake utaielewa vizuri, kwa kuwa ni ya darasani kwako. Nguvu ya mwendo wa kitu haiongezeki kwa kadiri ya mwendo, bali kwa kipeo cha pili cha mwendo huo. Motokaa ikizidisha mwendo wake mara mbili, breki zake zina kazi mara nne. Kitabu cha Waingereza cha maongozi ya barabarani kinasema kwamba motokaa iendayo maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 hata isimame. Iendayo maili 60 huhitaji mita 73. Hizo ni hesabu za motokaa isiyovuta kitu, katika barabara kavu. Ongeza nyumba nyuma yake, nawe ufikiri mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walianza kujenga barabara pana za namna mpya, zisizo na njia panda wala waendao kwa miguu. Sehemu ya kwanza, karibu na Preston, ilifunguliwa mwaka 1958, na ile iitwayo M1 ikafunguliwa mwaka 1959. Motokaa ndogo hazikuwekewa kikomo chochote humo. Madereva walifurahi, na wengine walizijaribu injini zao mpaka zikafa njiani. Lakini katika mwezi wa Novemba mwaka 1965 ukungu ulishuka, na magari mengi yakagongana, moja juu ya jingine, kwa kuwa madereva hawakupunguza mwendo ingawa hawakuona mbele. Waziri wa Uchukuzi, Tom Fraser, aliweka kikomo cha maili 70 kwa saa kuanzia tarehe 22 Desemba 1965. Alisema ni cha majaribio, kwa miezi minne. Aliyemfuata, Barbara Castle, mwanamke ambaye mwenyewe hakuwa na leseni ya kuendesha, alikithibitisha kuwa cha kudumu mwaka 1967. Alilaumiwa sana, wengine walimwuliza mtu asiyeendesha anajua nini juu ya mwendo. Lakini wengi waliokuwa wakifa hawakuwa madereva, wala hakuna aliyewauliza kama wana leseni. Mwaka 1966 waliokufa walikuwa 7,985, idadi kubwa kuliko mwaka wowote wa amani katika nchi ile.

Na karavani je? Sheria yake ilikwenda kinyume. Wakati motokaa zilipokuwa zikifungwa kamba, karavani zilikuwa zikilegezwa. Katika miaka ya 1960 kikomo chake kilipanda kutoka maili 30 hadi 40, na katika miaka ya 1970 kikafika maili 50. Lakini maili 50 hazikutolewa bure. Ilitakiwa uzito wa karavani ulingane na uwezo wa motokaa iivutayo, uzito huo uandikwe, na nyuma ya karavani kibandikwe kibao kidogo chenye tarakimu 50. Kwa maneno mengine, sheria ilimwambia dereva: ukithibitisha kwamba unaweza kusimama, tutakuruhusu kukimbia. Breki zilikuwa bora kuliko zamani, magurudumu bora, na barabara bora. Leo karavani huruhusiwa maili 50 katika barabara za kawaida na maili 60 katika barabara pana, ila haruhusiwi mwenye kuivuta kuingia katika njia ya kulia kabisa mahali penye njia tatu au zaidi.

Ni kweli kwamba si kila badiliko lilitokana na hekima ya usalama. Mwezi wa Desemba mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta, serikali ya Uingereza iliamuru gari lolote lisipite maili 50 kwa saa, ili kuokoa petroli. Kwa miezi kadhaa motokaa ya fahari na karavani ya mwalimu zilikwenda mwendo mmoja. Baadaye vikomo vilipandishwa tena. Vivyo hivyo na leseni: waliofaulu mtihani kuanzia mwaka 1997 walitakiwa kufanya mtihani wa pili kabla ya kuvuta tela nzito, na mwezi wa Desemba mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa. Wako wanaolisifu badiliko hilo, na wako wanaolilaumu.

Katika miaka ya karibuni watu wanaouawa barabarani Uingereza ni kama 1,600 kwa mwaka, yaani chini ya robo ya wale wa mwaka 1930, ingawa magari yameongezeka zaidi ya mara kumi. Sitakudanganya kwa kusema kwamba kikomo cha mwendo peke yake kilileta hayo. Mikanda ya viti, iliyolazimishwa kwa viti vya mbele mwaka 1983, ilisaidia. Sheria ya ulevi ya mwaka 1967 ilisaidia. Madaktari na wahandisi walisaidia. Lakini vyote hivyo ni sehemu za jambo moja, nalo ni kukubali kwamba barabara si ya dereva peke yake.

Nakuleta nyumbani sasa. Sisi pia tulipata kujaribu. Kanuni zilizotungwa mwaka 2003, John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutekelezwa mwezi wa Februari mwaka 2004. Kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda na chombo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa. Kwa siku kadhaa vituo vilikosa matatu, wafanyakazi wakatembea kwa miguu, na wenye magari wakanung'unika. Kisha abiria wakakaa vitini, wakafunga mikanda, na safari zikaendelea. Baada ya miaka michache vyombo vingi vya kuzuia mwendo vilikuwa vimechezewa na mafundi wa vichochoroni. Tukarudia, bila kujua, ule mchezo wa paka na panya wa mwaka 1905. Leo watu zaidi ya 4,000 huuawa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Uingereza ina watu wengi kuliko sisi, na magari mengi zaidi kwa mbali.

Basi, msomaji, siku moja nawe utashika usukani, au utaketi ndani ya matatu ambayo dereva wake ana haraka. Utaona kibao cha duara chenye tarakimu. Usikitazame kama Walter Arnold alivyokitazama cha kwake, kwa kuwa sheria iliyomshika yeye ilikuwa imekosa maana, na hii haijakosa. Kitazame kama mwenye karavani alivyolazimika kukitazama, akijua yaliyo nyuma yake. Kila dereva anavuta nyumba: mke, watoto, wazazi wa abiria, na wale wa mtoto anayengoja kuvuka. Hawaonekani katika kioo, lakini uzito wao upo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ukiona dereva wako amesahau methali hiyo, usinyamaze kwa kuona haya. Mwambie kwa adabu apunguze mwendo, na abiria wengine, ambao nao walikuwa wakiogopa kusema, watakuunga mkono.